Maji ya Bustani Yapangiwe Zamu

Ifikapo mwezi wa Januari, maporomoko yanayoonekana kwenye jabali la Wanale hupungua yakawa kama uzi mweupe, na vumbi la Namakwekwe huanza kutua juu ya majani ya migomba. Mvua za Mbale huwa zimekwisha kwenda zake, na mvua kubwa hazitazamiwi kabla ya Machi. Huo ndio wakati mboga huadimika sokoni na bei yake ikapanda. Ndio pia wakati ambao ada ya shule hungoja mlangoni, kwa maana muhula wa kwanza hufunguliwa karibu na mwanzo wa Februari. Haishangazi, basi, kwamba jamaa nyingi za askari na polisi zenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba hujaribu kilimo cha kiangazi, zikitumaini kwamba nyanya na vitunguu vitasaidia pale mshahara unapokomea.

Tumaini hilo ni jema, lakini wengi hulipoteza kwa sababu moja: hupanda kwanza, kisha ndipo hutafuta maji. Mfano wa nyumba ya koplo mmoja wa polisi utatosha kueleza jambo hili, kwa kuwa yaliyomo ndani yake hutokea katika nyumba nyingi.

Katikati ya Novemba koplo huyo na mkewe walihamishia miche ya nyanya katika matuta manne. Kila tuta lilikuwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita moja, na lilibeba miche 30 hivi. Watoto walipewa kazi ya kuteka maji, na kila jioni walileta jerikeni 6 za lita 20. Mama aliyagawa maji hayo sawasawa, akiyanyunyiza juu ya majani mpaka udongo wote ukageuka mweusi. Mwezi mzima miche ilistawi, na majirani waliisifu.

Karibu na Krismasi maua yalichanua. Watoto wakaenda kumwamkia bibi yao kijijini, baba akawa katika zamu za ulinzi wa sikukuu, na kwa siku tatu bustani haikupata tone. Baba aliporudi na kuona majani yamelegea, aliona huruma akamwaga jerikeni 12 jioni moja. Baada ya wiki mbili nyanya zikaanza kuoza kitako: chini ya kila tunda palikuwa na baka jeusi lililobonyea. Nyingine zilipasuka. Mama akaenda dukani akanunua dawa ya ukungu, akapiga mara mbili, lakini baka halikuondoka. Fedha ya daftari ikaishia katika chupa ya dawa.

Hapo ndipo alipokuja jirani yao, sajini mstaafu aliyewahi kulima mpunga huko Doho. Hakutazama majani. Aliomba panga, akachimba karibu na shina moja.

“Mama, maji mnayaleta kila siku?” akauliza.

“Kila siku, mzee. Watoto hawapumziki.”

“Basi tazama yanapoishia.”

Udongo ulikuwa umelowa kina cha vidole viwili tu. Chini yake palikuwa pakavu kama unga, na mizizi mingi ilikuwa imejikusanya juu, mahali ambapo jua la mchana huwahi kufika.

“Afande, sisi tulidhani ni ugonjwa,” koplo akasema.

“Ni kiu, koplo. Kiu, kisha gharika, kisha kiu tena.”

Mzee huyo alisema kweli. Kuoza kitako kwa nyanya hakuletwi na mdudu wala na ukungu. Tunda linapokua huhitaji madini ya kalisiamu, na madini hayo husafiri ndani ya mmea pamoja na maji. Maji yakija leo, yakakosekana keshokutwa, kisha yakaja kwa fujo, ncha ya tunda hukosa sehemu yake ikafa. Kupasuka nako ni mtoto wa mama yule yule: tunda lililozoea ukavu hujaa maji ghafla, ngozi yake ikashindwa. Hakuna dawa ya chupa inayoweza kuchukua nafasi ya maji yanayokuja kwa utaratibu.

Ili kuupata utaratibu huo, mkulima hana budi kujua hesabu moja nyepesi. Maji yenye kina cha milimita moja, yakitandazwa juu ya mita moja ya mraba, ni lita moja kamili. Katika siku za jua kali za nchi zetu, ardhi iliyofunikwa na majani mabichi hupoteza kiasi cha milimita 5 kwa siku, baadhi kwa kukauka udongo na baadhi kwa kupumua majani. Tuta la mita 10 kwa mita moja lina mita 10 za mraba. Kwa hiyo milimita 5 ni lita 50, yaani jerikeni mbili na nusu kila siku kwa tuta moja.

Lakini mmea hauna kiu ile ile tangu utoto hadi uzee. Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wao uliotolewa mwaka 1998, wanaeleza kwamba nyanya changa hutumia sehemu kama 6 tu katika 10 za kipimo hicho. Inapochanua na kubeba matunda hutumia kipimo chote na kuzidi kidogo. Matunda yanapoiva, mahitaji hushuka tena hadi sehemu 8 katika 10. Kwa lugha ya jerikeni, tuta moja la nyanya huhitaji moja na nusu kwa siku wakati wa uchanga, karibu tatu wakati wa maua na matunda, na mbili wakati wa kuvuna.

Sasa msomaji na arudi kwa koplo na mkewe. Jerikeni 6 kwa matuta manne ni moja na nusu kwa kila tuta. Ndiyo sababu miche ilistawi mwezi wa kwanza: ilikuwa ikipata kadiri ya haja yake. Ilipochanua, haja ikawa karibu jerikeni 12 kwa siku, na watoto wakaendelea kuleta 6 zile zile. Bustani ilianza kushindwa siku ile maua yalipoonekana, wakati ambapo kila mtu alikuwa akifurahi. Kama wangepanda matuta mawili, jerikeni 6 zingetosha mpaka mwisho, na nusu ya fedha za mbegu, mbolea na dawa ingebaki mfukoni.

Hili ndilo fundisho la kwanza na kubwa kuliko yote: apimaye shamba na apime maji kwanza. Mwenye nyumba ahesabu ni jerikeni ngapi zinazoweza kupatikana kila siku katika Januari mbaya, baada ya kupika, kunywa, kuoga na kufua. Agawanye idadi hiyo kwa tatu. Jibu atakalopata ndilo hesabu ya matuta ya nyanya anayoweza kuyalea. Anayetumia maji ya bomba yenye mita aongeze gharama yake katika hesabu ya faida kabla ya kupanda, asije akavuna nyanya zenye bei ndogo kuliko maji yaliyozikuza.

Fundisho la pili ni zamu. Udongo ni ghala. Ukilijaza ghala vizuri, mmea huchota wenyewe siku mbili au tatu bila kukusumbua. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, sehemu kubwa ya maji hubaki juu na kurudi angani kabla mizizi haijayaonja. Kwa hiyo, mwenye matuta mawili na jerikeni 6 asiyagawe kila jioni. Leo tuta la kwanza lipewe jerikeni zote 6, na kesho la pili lipewe zote 6. Kila tuta litakunywa siku moja na kupumzika siku moja. Mzigo wa watoto hauongezeki hata kidogo, lakini maji yatashuka chini zaidi na mizizi itayafuata. Katika tuta lenye miche 30, jerikeni 6 ni lita 4 kwa kila shina. Kopo la lita 2 likimwagwa mara mbili, taratibu, ndani ya kisahani cha udongo kilichochimbwa kuzunguka shina, kipimo kimetimia bila mabishano.

Si kila mboga hufuata zamu hiyo. Mizizi ya kitunguu ni mifupi, na ghala lake ni dogo. Hutaka kidogo na mara kwa mara, hasa kinapoanza kutunga kichwa. Vichwa vikishakomaa na majani kuanza kulala, maji yakatishwe kabisa, ama sivyo vitaoza katika gunia. Kabichi hutaka maji mengi wakati inapofunga. Sukuma wiki na dodo huvumilia kidogo, ila zikikosa maji majani huwa magumu na machungu, na mnunuzi huyatambua. Udongo nao una tabia zake. Wa kichanga hupitisha maji upesi, na zamu zake ziwe za karibu karibu. Ule mzito wa mfinyanzi hushika maji siku nyingi, lakini huyanywa polepole, kwa hiyo humwagiwa kwa awamu mbili ili yasitiririke kwenda kwa jirani.

Mtu atauliza: nitajuaje kwamba zamu niliyoipanga inafaa? Jibu limo ardhini. Achimbe kwa panga kando ya shina mpaka kina cha kiganja kizima, achukue udongo wa chini, aufinye. Ukishikamana kama bonge na kuacha unyevu mkononi, maji bado yapo, asubiri. Ukishikamana kidogo kisha ukamomonyoka, zamu imefika. Ukimwagika kama unga kati ya vidole, amechelewa. Majani yasimdanganye: majani mengi hulegea saa saba mchana hata udongo ukiwa na maji, na jioni husimama tena. Yanayolegea alfajiri ndiyo yanayolia kwa kiu.

Mvua nayo ihesabiwe kama mfanyakazi mmojawapo. Kopo lenye kuta zilizonyooka liachwe wazi bustanini, mbali na paa na mti. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kina cha maji kipimwe kwa rula ya mtoto wa shule. Milimita 10 ndani ya kopo ni lita 100 juu ya tuta moja, yaani jerikeni 5 zilizoletwa bila kichwa cha mtu. Zamu ya siku hiyo iahirishwe. Milimita 2 si kitu, ni kulaza vumbi tu, zamu iendelee.

Baada ya kipimo na zamu huja uangalifu wa kutopoteza. Saa njema ya kumwagilia ni alfajiri, kabla jua halijapanda na kabla upepo haujaanza. Jioni pia inafaa, ila maji yaende chini kwenye shina, kwa sababu nyanya zinazolala na majani mabichi huukaribisha ukungu. Udongo ufunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu au majani makavu ya migomba, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Matandazo hayo huzuia jua kuunyonya udongo, na mara nyingi humwezesha mkulima kusogeza zamu mbele kwa siku moja. Magugu yang’olewe mapema, kwani nayo hunywa bila kulipa. Katika kiangazi matuta yasiinuliwe juu kama ya msimu wa mvua. Yawe sawa na ardhi au chini yake kidogo, na kingo zizuie maji yasitoroke.

Mwenye uwezo anaweza kununua mipira ya matone. Ndoo au pipa huwekwa juu ya kichanja cha kimo cha mita moja, na maji hushuka kwa uzito wake mpaka kwenye kila shina. Inakadiriwa kwamba katika umwagiliaji wa kutiririsha, sehemu 6 katika 10 za maji ndizo zifikazo kwenye mizizi, na kwa matone ni sehemu 9. Lakini mipira haimfundishi mtu hesabu. Asiyejua kipimo atapoteza maji kwa matone pia, tena bila kuona. Maji ya kusuuzia vyombo na nguo yaelekezwe kwenye migomba na miti ya matunda, yasimwagwe juu ya mboga za majani.

Mambo haya ya nyumbani yana ndugu yake mkubwa katika bonde la mto Manafwa. Kusini-magharibi ya Mbale, katika wilaya ya Butaleja, uko mradi wa mpunga wa Doho, wenye eneo la hekta 1,000 hivi, ulioanza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa wataalamu wa China. Maji ya Manafwa huteremka kutoka mlima Elgon na kuingia mashambani kwa mifereji. Maelfu ya wakulima hutegemea mfereji mmoja mkubwa na matawi yake. Huko kila mtu hujua kwamba aliye karibu na lango la maji akifungua bila kujali saa, aliye mwisho wa mfereji hupandikiza mpunga katika nyufa. Anajua pia kwamba tope linaloshuka kutoka miteremko ya mlima likiachwa bila kuzolewa, mfereji hujaa na zamu zote huvurugika. Mradi huo ulifanyiwa ukarabati katika miaka ya 2010, lakini saruji peke yake haigawi maji. Yagawayo ni makubaliano: siku ya nani, saa ngapi, na nani atazibua mfereji.

Hali ni hiyo hiyo kwenye bomba moja linalotumiwa na nyumba kumi za askari. Mwenye jerikeni nyingi akiwahi alfajiri na kumaliza maji, mwenye mtoto mchanga hukosa ya kumwoshea, na ugomvi wa akina mama jioni huwa ugomvi wa akina baba kazini. Inafaa nyumba hizo zikutane, ziandike orodha, na kuibandika pahali panapoonekana: maji ya kunywa na kupikia kwanza kwa wote, kisha maji ya bustani kwa siku zilizogawanywa. Askari hawahitaji kufundishwa maana ya zamu. Mlinzi asiposimama saa yake, kambi nzima imelala wazi. Hata huko Jinja, ambako mto Nile unaonekana kwa macho, maji yanayofika kwenye tuta ni yale tu yaliyobebwa, nayo hubebwa kwa shingo ya mtu.

Wala hamu ya maji isimpeleke mtu kulima mpaka ukingoni mwa mto. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mto unaodharauliwa Januari kwa udogo wake ndio uliobeba nyumba Julai. Nyasi na miti ya kingoni ni boma. Ikilimwa, udongo huporomoka, mto hujaa tope, na maji hutafuta njia mpya. Mwenye bustani achukue maji mtoni, lakini ardhi ya ukingo aiache.

Koplo na mkewe hawakuvuna ada ya shule mwaka ule. Waling’oa matuta mawili yaliyokuwa mabaya zaidi, wakayaokoa mawili kwa zamu ya siku moja moja, wakapata nyanya za nyumbani na debe chache za kuuza. Novemba iliyofuata walipanda matuta mawili tu. Ukutani jikoni, karibu na orodha ya zamu za baba, palibandikwa karatasi ya daftari yenye safu tatu: tarehe, tuta, jerikeni. Binti yao wa darasa la tano ndiye aliyekuwa akiandika. Siku ambazo mvua ilinyesha alichora mstari na kuandika kipimo cha kopo.

Majirani walipoona matuta mawili mahali palipokuwa na manne, walimwuliza mama kama amekata tamaa.

“Sijakata tamaa, dada zangu,” akawajibu. “Nimepunguza shamba likatosha maji.”

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Anayetaka kulima kiangazi hiki na aihesabu ndoo yake kabla ya kuinua jembe, aandike zamu yake, na aulize udongo kabla ya kumwaga. Akifanya hivyo, Februari itamkuta na kitu mkononi.